Chai na Mchaichai: Kikombe cha Bweni katika Historia

Bweni ni kijiji cha ncha ya kaskazini ya kisiwa cha Mafia, jirani na mnara wa Ras Mkumbi uliojengwa na Wajerumani mwaka 1892. Kutoka Kilindoni, yaliko makao ya wilaya, ni safari ya yapata kilomita 50. Mgeni afikaye huko aghlabu hutafuta mikeka, kwani wanawake wa Bweni wanasifika kwa ususi wa ukindu. Ni wachache wanaouliza juu ya kikombe cha moto kinachoandamana na mazungumzo ya bei. Na hali kikombe hicho kina historia ndefu kuliko ya mnara, na ndani yake mna suala linalowahusu watu wote wa pwani: katika vinywaji hivi, kipi ni cha asili na kipi kimeazimwa?

Jibu lililozoeleka ni jepesi. Husemwa kuwa mchaichai, tangawizi na mdalasini ni vinywaji vya mababu, na kwamba majani ya chai ya dukani ni ya Mzungu, yaliyokuja pamoja na utawala wake. Jibu hili linapendeza kulisikia. Lakini lugha yenyewe, ambayo ni shahidi asiyenunulika, hailiungi mkono.

Tulizingatie jina la mchaichai. Kiswahili kinaporudia neno namna hii, mara nyingi hukusudia kitu kinachofanana na kingine bila ya kuwa chenyewe. Maji yenye chumvichumvi si maji ya chumvi, bali yameikaribia. Na chakula cha majimaji si maji. Basi mchaichai ni mmea wenye mfano wa chai. Aliyeupa jina hilo alikuwa ameshaijua chai, ameionja, na ameilinganisha na jani lililokuwa mbele yake. Na mmea wenyewe si mwenyeji wa pwani hii. Asili yake ni Asia ya kusini na visiwa vya mashariki ya mbali, ukavuka bahari kama ulivyovuka mnazi. Kwa hivyo mchaichai, unaotajwa kuwa mkongwe wa chai, kwa jina lake ni mdogo wake.

Upande wa pili nao haukusalimika. Neno chai halikutoka kwa Mwingereza wala kwa Mjerumani. Mataifa hayo huliita jani hilo kwa majina yaliyotokana na lafudhi ya bandari za kusini ya Uchina, yaliyofika Ulaya kwa marikebu za Waholanzi. Chai ni jina la njia nyingine: kutoka Uchina kupitia Uajemi na Bara Hindi, hadi katika masoko ya Bahari ya Hindi. Lau kama Mzungu ndiye aliyewafunza watu wa pwani kunywa chai, wangeliiita kwa jina lake. Hawakufanya hivyo, kwa kuwa kinywaji kiliwajia kwa mkono wa wafanyabiashara waliozoeana nao tangu zamani, wale wale walioleta nguo na viungo.

Viungo ndivyo vilivyotangulia. Ibn Battuta alipofika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 1331, alieleza karamu aliyoandaliwa Mogadishu: wali wa samli, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na achari za ndimu, tangawizi mbichi na maembe. Tangawizi ilikuwapo, lakini ilikuwa sahanini na si kikombeni. Hata hivyo hadhi yake kama kinywaji haikuwa ngeni kwa Waislamu wa visiwani, kwani Sura ya Al-Insaan inataja kinywaji cha peponi kilichochanganywa na zanjabili, nayo ndiyo tangawizi. Mdalasini nao umebeba safari yake ndani ya jina: kwa Kiajemi ni mti wa Uchina. Karafuu imepokewa kutoka Kiarabu, ingawa mikarafuu ilitoka visiwa vya Maluku na kustawishwa Unguja na Pemba katika karne ya 19. Hakuna hata kimoja katika vitu hivi kilichoota hapa bila ya kuletwa.

Lipo pia kombe, ambalo halihesabiwi kuwa ni chai, lakini halifai kusahauliwa katika historia ya vinywaji vya pwani. Aya huandikwa sahanini kwa wino wa zafarani, zikaoshwa kwa maji au marashi ya waridi, na maji hayo akanyweshwa mgonjwa. Hapo rangi na harufu si mambo ya starehe. Mtu aliyelelewa katika mila hiyo hujua tangu utotoni kwamba maji yanaweza kubeba kitu kisichoonekana, na kwamba kunywa ni tendo lenye adabu yake.

Chai ya dukani iliifikia hali iliyo nayo leo kwa mkondo wa dola na mashamba. Kwa mapatano ya mwaka 1890 Mafia ilitolewa katika himaya ya Sultani wa Zanzibar ikawa ya Wajerumani. Januari 1915 Waingereza wakaiteka. Katika kipindi hicho hicho mche wa chai ulipandwa bara: Amani, katika milima ya Usambara, mwaka 1902, na Rungwe mwaka 1904. Uzalishaji wa biashara ulianza mwaka 1926. Tangu hapo majani yalikuwa yakitoka nchi ile ile, wala si ng'ambo tena, na yakawa rahisi kufika hata katika duka dogo la kijijini.

Urahisi huo ulikuwa na masharti. Kikombe cha chai kilidai majani na sukari, na vyote viwili vilitaka fedha taslimu. Fedha ya Mafia ilitoka kwenye nazi na mbata. Kusini na katikati ya kisiwa, mashamba makubwa ya minazi yalikuwa ya mabwana wenye asili ya Oman na yalilimwa kwa jasho la watumwa, hadi utumwa ulipofutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922. Kaskazini, wenyeji walibakia zaidi na minazi yao midogo na makonde yao ya porini. Lakini bei ya mbata ilipoanguka, ilianguka kwa wote, na sukari ilikuwa ya kwanza kuondoka jikoni. Mchaichai haukujua bei ya mbata. Uliota nyuma ya jiko, pale maji ya kuoshea vyombo yanapomwagwa.

Hapo ndipo tofauti ya ladha ilipogeuka kuwa tofauti ya daraja. Majani ya dukani yakawa heshima ya mgeni. Mchaichai ukawa kinywaji cha wa nyumbani, cha mgonjwa, au cha siku ya ukata. Mwenye nyumba aliyemkaribisha mtu kwa mchaichai alijiona anapaswa kuomba radhi. Radhi hiyo haikutokana na ulimi bali na mfuko, kwa maana ulimi, ukiachiwa uamuzi, una hukumu nyingine.

Kiswahili kina msamiati mpana wa hukumu hiyo. Chai isiyotosha sukari ni chapwa, iliyotosha imekolea. Ile iliyochemshwa mno majani yake huacha ukakasi, yaani ule ukavu unaoshika ulimi na ufizi. Tangawizi ni kali lakini haina ukakasi. Karafuu ikizidi huufisha ulimi ganzi. Ndimu hutia ugwadu na kuipausha chai hata ikawa rangi ya dhahabu. Maziwa huufunga ukakasi wa majani, ndiyo sababu chai nzito huyavumilia, lakini huifunika harufu ya mchaichai, ambayo ndiyo mali yake yote. Mpishi mjuzi huanza na vigumu na kumalizia na vilaini: tangawizi iliyopondwa na gome la mdalasini huchemka muda mrefu, majani ya chai hufuata, na mchaichai au mrehani huingia mwisho na kufunikwa, kwani harufu yake huruka na mvuke. Anayezichemsha zote pamoja hupata uchungu tu.

Maji nayo yana kauli yake. Visiwa vya matumbawe vina visima vya maji magumu, na vilivyo karibu na ufuko huwa na chumvichumvi. Katika maji hayo majani ya dukani huwa meusi, huweka utando juu na kupoteza uchangamfu wake. Maji ya mvua huirejesha ladha. Kwa hivyo mtu akisema kuwa chai ya mahali fulani si nzuri, huenda anakihukumu kisima na si jani.

Katika mwambao chai isiyo na maziwa huitwa chai ya rangi, na pengine chai ya mkandaa. Mkandaa ni mti wa mikokoni, na magome yake hutoa maji mekundu ya kutilia rangi na kutengenezea ngozi. Ng'ambo ya Bweni, katika delta ya Rufiji, ndiko uliko msitu mkubwa kabisa wa mikoko katika Afrika Mashariki. Wapwani walipokiona kinywaji kigeni chenye wekundu na ukakasi, hawakukiacha kibaki kigeni. Walikipa jina la mti waliouona kila siku maji yanapokupwa. Chai ikaupa jani moja jina la mchaichai, na mti mmoja ukaipa chai jina la mkandaa. Deni likalipwa.

Mizani ya heshima ilitikisika zaidi miaka ya mwisho ya 1970 na mwanzo wa 1980. Baada ya vita vya Uganda vya 1978–1979 na kupanda kwa bei ya mafuta, bidhaa ziliadimika Tanzania nzima; sukari ikawa ya mgao na foleni, na mwaka 1983 serikali ikaendesha msako wa walanguzi na wahujumu uchumi. Mchaichai ukarudi mezani kwa wakubwa na wadogo, pengine kwa asali au sukari guru. Sukari iliporejea, mchaichai ukasukumwa tena nyuma ya jiko. Mwanzoni mwa 2024, mvua kubwa za El Niño zilipokwamisha viwanda na bei ya sukari kuruka, somo lile lile lilisomwa upya.

Leo katika hoteli za visiwani mchaichai huuzwa kwa watalii kwa bei ambayo majani ya dukani hayajawahi kuifikia, na husifiwa kuwa ni kinywaji cha asili. Sifa hiyo ina ukweli nusu, na nusu iliyobakia ndiyo yenye thamani. Asili ya kikombe hiki haimo katika jani, kwa kuwa majani yote yalisafiri. Imo katika ujuzi wa kuchagua, kupanga, kuonja na kutaja, na ujuzi huo umehifadhiwa zaidi na wanawake, ambao majina yao hayakuandikwa popote. Jani likipotea, laweza kupandwa tena. Msamiati wa ukakasi na ugwadu ukipotea, hakuna shamba la kuuotesha.

Msusi wa Bweni hakulaumiwa kamwe kwa kutumia rangi iliyotoka ng'ambo. Mkeka ni wake kwa namna alivyoupanga. Kikombe kinastahiki hukumu hiyo hiyo. Na mwenye nyumba anayekaribisha kwa mchaichai hana haja tena ya kuomba radhi.