Makosa na marekebisho katika kazi za mikono (Lualaba)

Makosa katika kazi za mikono hurekebishwa kwa kadiri malighafi inavyoruhusu. Sufu hufumuliwa ikarudi kuwa donge la uzi, kikwembe (kitenge) kikishapitiwa na mkasi hakiungani tena kama zamani, shaba iliyoharibika huyeyushwa upya, na jiwe la malakiti likivunjika limevunjika. Kazi hizo zote zinajulikana katika mkoa wa Lualaba, kusini mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na kila moja ina namna yake ya kulishughulikia kosa.

Ufumaji wa sindano mbili uliingia katika kambi za wachimbaji pamoja na familia zao. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoanzisha mji wa Kolwezi mwaka 1937, ilitaka wafanyakazi wake wakae kambini na wake zao, na ikaweka madarasa ya kuwafundisha wanawake hao kushona na kufuma. Gécamines, iliyorithi migodi baada ya kutaifishwa mwaka 1967, iliendelea na mafunzo hayo katika nyumba zilizoitwa foaye. Mahitaji yalikuwepo: Kolwezi iko juu ya mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa kiangazi, mwezi wa Juni na wa Julai, huwa na baridi, na mtoto mchanga huhitaji kofia na soksi.

Kosa linalomsumbua mfumaji kuliko yote ni kitanzi kinachochomoka kwenye sindano bila yeye kuona. Kitanzi hicho huteremka mstari baada ya mstari na kuacha nyuma yake nyuzi za kukingama, mithili ya ngazi. Hapo hakuna haja ya kufumua kazi nzima. Sindano ya kroshia huingizwa kwenye kitanzi kilichoanguka, hunasa uzi wa kukingama ulio juu yake, huuvuta upite ndani, kisha hupanda kwenye uzi unaofuata, mpaka kitanzi kirudi mahali pake. Mvuto ukiwa sawa, jeraha halionekani. Vitanzi vikizidi au kupungua, dawa ni kuvihesabu mwishoni mwa kila mstari, kwa sababu kosa la mstari mmoja hurudishwa kitanzi kimoja kimoja kwa dakika chache, lakini likigunduliwa kwenye kwapa la sweta hugharimu jioni nzima. Kabla ya sehemu yenye nakshi ngumu, mfumaji makini hupitisha uzi laini wa rangi tofauti ndani ya vitanzi vyote vilivyo kwenye sindano. Akilazimika kufumua, kazi husimama kwenye uzi huo na haishuki zaidi.

Uzi uliofumuliwa hujikunja. Huzungushwa kwenye kiti au mikononi mwa mtu mwingine, hufungwa sehemu chache, huoshwa na kuning'inizwa mpaka ukauke na kunyooka. Uzi wa akriliki haupaswi kupigwa pasi, maana joto huulegeza na haurudi. Si kila kosa linastahili kufumuliwa: mstari mmoja wa rangi uliokosewa unaweza kuachwa, ila uzi unaoning'inia ndani ya soksi ya mtoto lazima uondolewe, kwa kuwa unaweza kumkaza kidole.

Mshonaji wa vikwembe hana nafasi hiyo. Mshono hufumuliwa, na matundu ya sindano kwenye pamba hujifunga kwa maji na pasi. Kilichokatwa ndicho kisichorudi. Ndiyo maana fundi hukagua kwanza kama ndege au maua ya kitambaa yana juu na chini, na huacha upana wa ziada ndani ya mishono ya pembeni ili nguo iweze kuongezwa. Mkato uliokosewa hufichwa kwa kiraka, marinda au mkono mfupi.

Shaba ndiyo yenye huruma zaidi. Wayeke, ambao mtawala wao Msiri aliwatoa Usumbwa akaweka makao yake Bunkeya hadi alipouawa Desemba 1891, walikuwa mafundi mashuhuri wa nyaya. Mmisionari Mbenediktini Jean-Félix de Hemptinne aliandika habari za wayeyushaji wa shaba mwaka 1926. Fimbo ya shaba iligongwa ikawa nyembamba, kisha ikavutwa katika matundu ya chuma, kila moja dogo kuliko lililotangulia, na waya ulizungushwa kwenye nyuzi za mimea kutengeneza bangili. Shaba inayogongwa na kuvutwa hukakamaa, na mvutaji mwenye haraka huikata. Kabla ya hapo hupashwa moto mpaka iwe nyekundu, ikalainika upya. Waya uliokatika hurudi kwenye moto pamoja na mabaki mengine, ingawa kila kuyeyusha hupoteza shaba kidogo.

Moto huohuo huliharibu malakiti, jiwe la kijani ambamo shaba hiyo hutoka: likipashwa sana hugeuka jeusi. Wachongaji wa shanga na visanduku hulikata kwa maji, ambayo hulipoza na kuzuia vumbi lenye sumu. Ufa ukitokea, hujazwa gundi iliyochanganywa na unga wa jiwe lenyewe. Ufa unaofuata mistari ya asili hufichika vizuri. Unaoikata huonekana daima. Kipande kilichoungwa kinapaswa kuuzwa kwa kutajwa kuwa kimeungwa, kwani gundi hulegea kikiwekwa karibu na jiko.