Mkonge wa Mipakani katika Nchi ya Shinyanga

Jina la mkonge ni la kale kuliko mmea uchukuao jina hilo sasa. Watu wa pwani waliuita hivyo mmea wa mwituni wenye majani marefu, magumu, ambao nyuzi zake zilisokotwa kamba. Mwaka 1893 Dakta Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyosalimika ni 62 tu. Mgeni akarithi jina, na mwenyeji hana budi sasa kuitwa mkonge-pori.

Huko Tanga mgeni huyo alikuwa zao la mashamba makubwa. Shinyanga alikuwa boma. Nchi ile ina mvua haba na ng'ombe wengi, na vichaka vyake vingi vilifyekwa ili kuwaondoa mbung'o. Miiba ya kuzungushia shamba ikawa adimu. Mkonge ulistahimili, kwa kuwa vitundu vya majani yake hufunguka usiku, maji yasipotee juani. Basi ukapandwa safu safu mipakani, na kamusi itajayo kamba peke yake imesahau maana hiyo.

Vita vya Korea vilipopandisha bei ya katani, hata boma likawa mali. Lakini jani lililoota mpakani, kati ya jirani wawili, ni la nani?