Draiva za Kompyuta ya Zamani: Namna ya Kutambua na Kurekebisha Hitilafu Nyumbani

Printa ikikataa kuchapa, au kompyuta ikipoteza sauti baada ya Windows kusakinishwa upya, si lazima kifaa kiwe kimeharibika. Mara nyingi hitilafu ipo kwenye draiva, yaani programu ndogo inayouwezesha mfumo endeshi kuwasiliana na kifaa kama vile printa, kamera au Waifai. Mwananchi asiyefahamu hilo huweza kununua kifaa kipya ilhali cha zamani ni kizima.

Kompyuta za zamani huathirika zaidi kwa kuwa watengenezaji huandaa draiva kwa matoleo mahususi ya mfumo endeshi, kisha huziacha. Windows 7 iliacha kuhudumiwa na Microsoft Januari 14, 2020, na huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma Oktoba 14, 2025. Aidha, draiva iliyoandikwa kwa mfumo wa biti 32 haifanyi kazi katika mfumo wa biti 64, hata kama kifaa ni kilekile.

Hatua ya kwanza ni kukitambua kifaa chenye hitilafu. Mtumiaji abonyeze kwa pamoja kitufe chenye alama ya Windows na herufi R, aandike devmgmt.msc, kisha abonyeze Enter. Orodha ya vifaa itafunguka, na kile chenye hitilafu huonyeshwa kwa alama ya mshangao ya rangi ya njano. Akikibofya mara mbili ataona namba: 28 humaanisha draiva haijasakinishwa, 10 kifaa kimeshindwa kuanza, na 43 kifaa chenyewe kimetoa taarifa ya hitilafu. Kwa namba 43, inafaa kubadilisha waya au tundu la USB kabla ya kugusa programu yoyote.

Kifaa kikiorodheshwa bila jina, utambulisho wake hupatikana katika sehemu ya Details, chini ya Hardware Ids. Herufi VEN hufuatiwa na namba ya mtengenezaji. Kwa mfano, 8086 ni Intel na 10EC ni Realtek. Namba inayofuata DEV hubainisha kifaa chenyewe. Kwa namba hizo mbili, draiva sahihi hutafutwa katika tovuti ya mtengenezaji. Kwa kompyuta mpakato, ni vema kuanza na tovuti ya kampuni iliyoitengeneza kompyuta hiyo, kwa kutumia namba ya modeli iliyobandikwa chini yake.

Hitilafu inayowakwamisha wengi ni ya draiva ya mtandao, kwa sababu bila draiva hiyo hakuna intaneti ya kuipakulia. Simu ya Android iliyounganishwa kwa waya wa USB na kuruhusiwa kugawa intaneti hutosha mara nyingi. Vinginevyo, faili hupakuliwa katika kompyuta nyingine na kuhamishwa kwa flashi.

Kabla ya kusakinisha, mtumiaji aweke nukta ya kurejesha mfumo. Draiva mpya ikileta matatizo, kitufe cha Roll Back Driver hurejesha ile ya awali, endapo ilikuwepo.

Tahadhari kubwa inahusu matangazo yanayojitokeza mtandaoni yakidai kusasisha draiva zote kwa mbofyo mmoja. Baadhi ya programu hizo hubeba virusi au huiba nywila, na mwathirika huenda akawa ndiye anayelipia huduma za Serikali na za benki kupitia kompyuta hiyohiyo. Kuzima ukaguzi wa saini ya kidijitali ili draiva isiyojulikana ipite ni hatari ya aina hiyohiyo, hata fundi akishauri hivyo.

Ikiwa mtengenezaji hana tena draiva, Linux ni njia ya kujaribu. Matoleo kama Ubuntu na Linux Mint huja na draiva nyingi ndani yake, na huweza kuwashwa kutoka kwenye flashi bila kusakinishwa, hivyo mtumiaji huona mapema iwapo sauti, Waifai na printa vinafanya kazi. Akiamua kuisakinisha, kwanza ahifadhi nakala rudufu ya nyaraka zake nje ya kompyuta.

Kompyuta inayobaki na mfumo usiohudumiwa tena, hata draiva zake zote zikiwa sawa, haipati marekebisho ya usalama na haifai kwa malipo ya mtandaoni.