Tusake Hazina ya Wadelai



Likizo ikifika, watoto huuliza, "Tucheze nini?" Leo tunawaletea mchezo wa kusaka hazina, na hazina yenyewe ni historia ya West Nile yetu.

Kwanza kisa. Mwaka 1840, huko Oppeln, mji ambao leo uko Poland, alizaliwa Eduard Schnitzer. Alisomea udaktari, akaitumikia dola ya Uthmaniya na kujiita Mehmed Emin. Je, alisilimu kwa moyo au kwa ajili ya kazi? Watu wamebishana sana. Ya moyoni anayajua Mwenyezi Mungu. Mwaka 1878 akawa gavana wa jimbo la Equatoria chini ya serikali ya Misri, na watu wakamjua kama Emin Pasha. Vita vya Mahdi vya Sudan vilipomfungia njia ya kaskazini, mwaka 1885 alihamia Wadelai, ukingo wa magharibi wa Nile.

Hata katika dhiki ile hakuacha elimu. Alichunguza ndege, wanyama na mimea, na mikusanyo yake ikafika kwa wataalamu wa Ulaya. Aliondoka mwaka 1889 na msafara wa Stanley, akauawa Kongo mwaka 1892. Lakini viumbe kadhaa vina jina lake hadi leo katika vitabu vya sayansi.

Sasa mchezo. Mzazi, ficha karatasi tatu nyumbani au uani. Kila jibu lipeleke watoto kwenye karatasi inayofuata.

Kitendawili! Tega!

1. Hana kikapu, lakini hurudi nyumbani na mzigo wa chakula. (Panya buku wa msituni, Cricetomys emini. Hubeba chakula mashavuni.)

2. Analala nyumba nzuri asiyoijenga. (Shomoro mdogo wa rangi ya kahawia, Passer eminibey. Huteka viota vya ndege wengine.)

3. Mrefu anayewatunza watoto wa kahawa. (Mti wa musizi, Maesopsis eminii. Hupandwa kuipa mibuni kivuli.)

Cha nne hakina karatasi: Wengi walibeba, mmoja akaandikwa. Ni nani hao?

Hapo ndipo hazina ilipo. Emin hakuwa peke yake. Masanduku yake hayakutembea yenyewe. Yalibebwa na watu, na wenyeji walikuwa wakiwajua wanyama hawa kwa majina ya lugha zao kabla yeye hajafika. Askari wake wengi walibaki na Salim Bey, na mwaka 1891 Lugard akawachukua kutoka Kavalli, karibu na Ziwa Albert, kuingia jeshi lake. Wao ni miongoni mwa mababu wa Wanubi wa Uganda, na jamaa zao tunao hapa Arua na Koboko. Hakuna panya wala mti wa vitabuni uliopewa majina yao.

Basi, watoto, zawadi apate atakayekwenda kwa babu au bibi na kurudi na majina matatu ya ndege kwa Kinubi, Kikakwa au Kilugbara, pamoja na jina la mzee mmoja wa ukoo aliyejua mambo ya porini. Yaandikeni kwenye daftari. Wazee wetu wanatutoka mmoja mmoja, na kila anayezikwa huondoka na majina ambayo hayajaandikwa popote.