Nyumba ya Misheni na Uraia wa Tanganyika

Tanganyika ilipojitawala tarehe 9 Desemba 1961, familia za wamisionari zilikabiliwa na swali ambalo kazi yao haikuwahi kuwauliza waziwazi: je, wao ni wageni wema au ni wenyeji? Maisha ya kila siku yalikuwa yakilijibu kwa namna mbili. Asubuhi baba alikwenda shuleni au hospitalini, mama alifundisha au alihudumia wagonjwa, na watoto walicheza na wenzao kwa lugha ya mahali pale. Jioni, taa ya mafuta ilipowashwa, sala ya nyumbani ilisaliwa kwa lugha ya Ulaya, na barua za babu na bibi zilisomwa mezani. Riziki aghalabu ilitoka ng'ambo, na likizo ilikuwa ng'ambo. Familia ilisimama kizingitini, mguu mmoja ndani na mmoja nje.

Sheria haikuridhia kusimama huko. Mswada wa uraia ulipojadiliwa Bungeni Oktoba 1961, baadhi ya wabunge walitaka uraia upimwe kwa rangi. Waziri Mkuu, Julius Nyerere, alikataa katakata, akatangaza kuwa serikali yake ingejiuzulu kama mswada ungeshindwa. Mlango ukafunguliwa kwa watu wa kila rangi. Walakini mtu mzima hakuruhusiwa kuwa raia wa nchi mbili.

Ugumu ulionekana zaidi katika malezi. Mtoto wa Waingereza aliyezaliwa katika hospitali ya misheni kabla ya uhuru hakuwa raia kwa kuzaliwa, ikiwa wazazi wake wote wawili walizaliwa nje ya nchi. Ndugu yake aliyezaliwa 1962, katika chumba kile kile, alikuwa raia tangu pumzi yake ya kwanza, ingawa alipokuwa mtu mzima ilimpasa kuchagua. Hivyo meza moja ya chakula iliweza kukaliwa na mataifa mawili.

Wako waliovuka kizingiti. Barbro Johansson, Mswidi aliyefika mwaka 1946 na kuongoza shule ya wasichana ya Kashasha, na Dk. Leader Stirling, Mwingereza aliyeanza utabibu wa misheni kusini mwaka 1935, waliingia Bungeni kabla ya uhuru, kisha wakawa raia. Mwaka 1975 Stirling alikuwa Waziri wa Afya. Johansson hakuwa na mume wala mtoto. Alichokitoa kilikuwa chake mwenyewe. Mzazi alitakiwa kuamua pia juu ya kesho ya wanawe, na kusita kwake hakukuwa lazima dalili ya upungufu wa mapenzi. Uingereza yenyewe ilitambua uzito huo: sheria yake ya 1964 iliwawezesha walioukana uraia wake kwa ajili ya nchi nyingine ya Jumuiya ya Madola kuurudia.

Wahenga walisema mgeni ni siku mbili, ya tatu apewe jembe. Familia hizo zilikuwa zimeshika jembe kwa miaka mingi, na hakuna haki ya kuidharau kazi yao. Lakini jembe peke yake halimfanyi mtu mwenyeji. Mwenyeji ni yule ambaye, mvua ikikosekana, hana shamba jingine la kukimbilia. Hilo ndilo lililoulizwa na karatasi ya uraia, na kila nyumba ililijibu kwa kadiri ya uwezo wake.