Mvinje na Mwashoki: Kwa Nini Mti wa Pambo Ulichelewa Kufika Uani Kwetu

Leo tuache kidogo habari za mikorosho, turudi nyumbani tuutazame ua. Huku kwetu Mpapura na vijiji vya jirani mti wa kula utauona: mwembe, mpapai, mnazi. Lakini mti uliopandwa kwa kupendeza tu si rahisi kuukuta. Wako wanaosema watu wa kusini hatujui mapambo. Neno hilo si kweli. Watu ambao vinyago vyao vya mpingo vinajulikana dunia nzima wataambiwaje hawajui uzuri? Sababu iko kwenye historia, na ndiyo tutakayoieleza leo.

Tuanze na miti yenyewe. Iko miti ambayo matawi yake hayaelekei juu, bali yanainama kuelekea chini kama nywele ndefu zilizofumuliwa. Nchi za baridi husifiwa mti uitwao mepo. Wajapani huuita momiji, nao wameutunza bustanini kwa karne nyingi. Majani yake hugeuka mekundu kabla ya kupukutika. Mti huo unahitaji majira ya baridi kali ili upumzike, na mbegu zake hazioti vizuri mpaka zipate baridi kwanza. Hapa petu hautafika mbali, kwa hiyo usipoteze fedha zako. Sisi tunayo yetu miwili inayoinama, nayo ni mvinje na mwashoki.

Mvinje asili yake ni Asia ya kusini-mashariki, Australia na visiwa vya Pasifiki, lakini pwani yetu umezoeleka tangu zamani. Vitawi vyake ni vyembamba kama sindano, na upepo ukipita huvuma kama bahari. Hauogopi mchanga wala chumvi, na kwenye mizizi yake huishi vijidudu vinavyochukua naitrojeni hewani na kuulisha mti.

Nguvu yake ilionekana Bamburi, karibu na Mombasa. Kiwanda cha saruji kilikuwa kimechimba mawe mpaka pakabaki shimo tupu lisilo na udongo. Mwaka 1971 mtaalamu René Haller alianza kujaribu aina 26 za miti pale. Zilizostahimili ni tatu tu, na mvinje ukiwamo. Ukaja mkasa mwingine: sindano zake zilirundikana chini bila kuoza. Haller akaleta majongoo, yakazila, na samadi yao ikawa mwanzo wa udongo mpya. Leo pale ni msitu, na watu hulipa kiingilio kuutazama.

Mwashoki wenyewe ulitoka India ya kusini na Sri Lanka. Husimama wima kama mlingoti, na majani yake marefu yenye kingo za mawimbi huning'inia mpaka karibu na ardhi. Mijini utauona umepangwa mstari mbele ya ofisi, shule na nyumba za watu. Mbona basi haukuenea vijijini upesi?

Jibu la kwanza ni desturi. Pwani yetu mwenye ardhi na mwenye mti wanaweza kuwa watu wawili. Aliyepanda mti wa kudumu amejiwekea haki mahali pale. Ndiyo maana mgeni aliyepewa kiwanja au shamba la kuazima huruhusiwa kulima mihogo na mtama, lakini mti hapandi mpaka apate ruhusa. Mti ni ushahidi, na hata wazee wakiamua shauri la mpaka huuliza kwanza nani aliupanda mwembe ule.

Jibu la pili ni kuhamahama. Mkoa wa Mtwara ulikuwa mstari wa mbele katika vijiji vya ujamaa mwanzoni mwa miaka ya 1970, na Novemba 1973 ikatangazwa kuwa kuishi vijijini ni amri kwa nchi nzima. Watu walisogea barabarani, kwenye shule na zahanati, wakaacha nyuma mahame yenye miembe na mikorosho waliyoipanda wao na wazazi wao. Korosho za nchi, zilizofikia tani 145,000 hivi msimu wa 1973/74, zilishuka chini ya tani 20,000 msimu wa 1986/87. Umbali wa mashamba, ugonjwa wa ubwiriunga na bei ndogo vyote vilichangia. Mtu aliyeiacha mikorosho inayomlisha atapata wapi moyo wa kupanda mti usiozaa?

Siku hizi mambo yamebadilika. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inamruhusu mwanakijiji kupata hati ya hakimiliki ya kimila. Kwa hiyo, ndugu yangu, kabla ya kupanda, hakikisha kiwanja ni chako. Kama umepanga au umeazima, zungumza na mwenyewe mbele ya shahidi, msije mkagombana baadaye.

Sasa kazi yenyewe. Mbegu ya mwashoki haiwekwi. Iokote mbivu chini ya mti, ambapo popo hula tunda na kudondosha kokwa, uisafishe na kuipanda upesi kwenye kiriba. Mbegu za mvinje ni ndogo sana: zisie kwenye kitalu, uzifunike kwa mchanga kidogo tu. Changanya na udongo uliotoka chini ya mvinje mkubwa, ili vile vijidudu vya mizizini vipatikane. Hamishia miche shambani Desemba au Januari, mvua zikishika. Weka matandazo, na umwagilie kiangazi cha kwanza na cha pili. Maji ya kuogea na kuoshea vyombo yanatosha, mradi yasiwe na sabuni nyingi.

Mwashoki uweke hatua tatu au zaidi kutoka ukutani. Mvinje hurefuka kupita nyumba mara nyingi, basi uupeleke mpakani, mbali na paa na mbali na bustani ya mboga. Usisahau kuwa tarehe 15 Aprili 1952 kimbunga kilipiga Lindi, na Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilishuka ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji, huku Mtwara tukiwa katika tahadhari.

Anza na miche miwili tu mwaka huu. Ikivuka kiangazi cha pili, mtoto wako ataikuta, na siku moja wazee wakiuliza nani aliupanda mti huu, litatajwa jina lako.