Mbono Kaburi na Mafuta ya Ndege

Miongoni mwa mimea ambayo Wareno waliisafirisha kutoka Amerika ya Kati, ikapitia visiwa vya Cape Verde ndipo ikaenea barani Afrika, mbono kaburi ndio uliozoeleka sana pasi na kuheshimiwa. Watu waliupanda kandokando ya makaburi na kuuzungushia mashamba, kwa kuwa mbuzi hawayagusi majani yake na mbegu zake zina sumu. Na palipokosekana mafuta ya kununua, mbegu hizo hizo zilikamuliwa, taa ikawashwa na sabuni ikapikwa.

Kwamba mti huo ungekuja kujadiliwa na wakuu wa mashirika ya ndege, jambo hilo halikupata kumpitikia mtu akilini, hadi bei ya pipa la mafuta ghafi ilipokuwa ikipanda, ikafikia dola 147 mwezi Julai 2008, na lawama juu ya moshi wa ndege nazo zikawa zimeshamiri. Wataalamu walijua kwamba mafuta ya ndege ni mafuta ya taa yaliyosafishwa kwa uangalifu zaidi, na kwamba mafuta ya mbegu, yakipashwa moto pamoja na haidrojeni katika mgandamizo mkubwa, hupokonywa oksijeni yake yakafanana na hayo. Tena hewa ya ukaa itokayo humo ni ile iliyofyonzwa na mti misimu michache nyuma, wala si ile iliyozikwa ardhini tangu dahari.

Basi tarehe 30 Desemba mwaka huo, ndege ya Boeing 747 ya Air New Zealand iliruka kutoka Auckland, injini yake moja kati ya nne ikitumia mchanganyiko wa nusu mbono na nusu mafuta ya kawaida, ikakaa angani kwa muda wa saa mbili hivi. Huko juu pampu ya mafuta ya injini hiyo ilizimwa makusudi, ili ionekane kama mafuta hayo yatajitiririkia yenyewe, nayo yakatiririka. Mbegu zilitoka India, Malawi, Msumbiji na Tanzania. Ajabu ni kwamba siku hiyo bei ya pipa ilikuwa imekwisha kuporomoka hadi karibu dola 40.

Jaribio la angani, kwa insafu, lilifaulu. Taksiri ilikuwa chini. Matajiri wa Ulaya walikwisha kuaminishwa kwamba mbono huzaa vema hata katika ardhi kame isiyofaa kwa chakula, nao wakaja kutafuta mashamba: Waingereza wakapata hekta 8,000 na ushei za vijiji 11 wilayani Kisarawe, na Waholanzi wakaingia Kilwa, ambako miti ya msituni ilikatwa kwanza ili kupisha mti uliosifiwa kwa kuisafisha hewa. Mbono katika ardhi kame huishi, ndiyo, lakini kuishi si kuzaa. Wenye kutaka mavuno walilazimika kuupa maji na mbolea kama mazao mengine yote. Aidha kishada chake kimoja hubeba matunda ya kijani, ya manjano na meusi kwa wakati mmoja, kiasi kwamba mchumaji hurudi kwenye mti ule ule mara kwa mara, na ujira wake humaliza faida yote. Kufikia 2011 shamba la Kisarawe lilikuwa limefilisika, vibarua wameachishwa, na wanakijiji wangali wakilalamikia fidia.

Wakati huo shirika la KAKUTE la Arusha, ambalo kwa miaka mingi lilikuwa likiwafundisha wanawake kukamua mbegu za mbono wa uzio na kupika sabuni, halikuhitaji msitu wa mtu yeyote. Mimi naona huko ndiko mbono ulikotendewa haki.

Njia ile ya haidrojeni haikufa; leo hulishwa zaidi mafuta yaliyokwisha kukaangiwa na shahamu za wanyama. Hata hivyo mbegu hazikuachwa kabisa, kwani Julai 2022 kampuni ya Eni ya Italia ilifungua kiwanda cha kukamulia mbegu huko Makueni, Kenya, nyonyo zikiwemo, na mwezi Oktoba shehena ya kwanza ya mafuta yake ikaondoka bandari ya Mombasa kwenda kusafishwa Gela, katika kisiwa cha Sicily.